Pumzi ya Bubu

Bubu hakutakiwa kusogea. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake pekee duniani, kutosogea, na kwa kazi hiyo alikuwa na ajira ya uhakika kuliko wenye digrii wengi tunaowajua.

Alikuwa kipande cha bomba, urefu wa kiganja, kimelazwa juu ya kitambaa kilichokunjwa kwenye meza ya chuma, chini kabisa tumboni mwa meli kuukuu iliyofungwa gatini kusubiri matengenezo. Hakuna kilichomgusa. Hakubeba kitu, hakuvutwa na kitu. Lakini kwenye skrini ya laptop mstari wake ulikuwa unapanda taratibu, unatulia juu kidogo, kisha unashuka. Unapanda. Unatulia. Unashuka.

Binti aliyekaa mbele ya skrini aliacha kutafuna kalamu.

Karakana nzima walimwita Gundi. Jina la kwenye cheti lilikuwa refu na zuri, lakini cheti chenyewe kilikuwa kimetundikwa ukutani nyumbani, na miaka yote aliyozunguka na bahasha ya kaki ofisi hadi ofisi hakuna aliyelihitaji. Experience yako iko wapi, wanamuuliza, utadhani experience inauzwa dukani kwa kilo. Tutakupigia, wanamwambia, na simu yake ikazeeka mfukoni ikisubiri. Sasa alikuwa na kibarua cha wiki chache, kontrakti ya ukurasa mmoja, na kibarua chenyewe kilikuwa kubandika vitu kwa gundi.

Vitu hivyo ni vibandiko vyembamba kama stempu, ndani yake mna waya mwembamba kuliko unywele. Unasugua chuma kwa msasa mpaka king'ae, unakifuta kwa spiriti, unaweka tone la gundi, unabandika, unakandamiza kwa kidole gumba mpaka gundi ishike. Chuma kikivutika, hata kwa kiasi ambacho jicho halioni, waya nao unavutika na mstari kwenye skrini unapanda. Kikibanwa, unashuka. Kutoka hapo unapiga hesabu, unajua bomba limebeba mkazo kiasi gani. Bubu naye alikuwa na kibandiko chake, ila yeye alikuwepo kwa ajili ya joto tu: chumba kikipata moto chuma chote hutanuka, na Bubu ndiye anayeonyesha kiasi hicho ili kitolewe kwenye hesabu. Hana habari nyingine ya kusema. Ndiyo maana wakamwita hivyo.

Na sasa alikuwa anapumua.

"Cheche," Gundi aliita kwa sauti ya chini. "Hebu njoo uone."

Cheche, mdogo wake, mchomeleaji wa karakana, alikuja akifuta mikono kwenye suruali. Ndiye aliyemwombea dada yake kibarua hiki, na hakumwacha asahau hata siku moja.

"Nimeona, Injinia. Mstari unacheza. Sisi tusiosoma tunasema waya umelegea."

"Nimeshauunga upya mara mbili."

"Basi unga ya tatu. Si ndicho mlichosomea?"

"Cheche, sicheki."

Akaangalia tena. Akanusa. "Kuna mtu anapiga pasi humu?"

Gundi naye alikuwa ameisikia lakini alikuwa hajataka kuitaja: harufu ya pasi ya moto iliyosahauliwa juu ya nguo mbichi. Mashine zote za meli zilikuwa baridi. Boila ilikuwa haijawashwa tangu meli ivutwe pale. Mle ndani hamkuwa na chochote cha kuunguza chochote, ila taa za muda zilizoning'inizwa kwa waya, na mchana au usiku huko chini vilikuwa kitu kimoja.

Kazi yao ilikuwa moja. Kutoka kwenye boila lilitoka bomba kuu la mvuke, nene kama paja la mtu mzima, likapita ukutani, likakunja kiwiko, na hapo kwenye kiwiko likatoa tawi fupi lililozibwa kwa sahani ya chuma na bolti. Tawi lile lilikuwa likatwe, na atakayelikata ni Cheche, akiwa amejibana kwenye uwazi mwembamba kati ya bomba na ukuta wa meli, uso wake karibu na chuma kama mtu anayemnong'oneza mpenzi. Tatizo ni kwamba bomba lililofungwa kwa kulazimishwa hukaa kama mtego. Likikatwa linaruka. Mchomeleaji wa karakana nyingine alikuwa amepoteza taya nzima kwa bomba la namna hiyo. Kwa hiyo kabla ya kukata, vibandiko sita kwenye bomba, kuanzia boila hadi shingo ya tawi. Unabonyeza sifuri, unalegeza vishikizo vya bomba kimoja kimoja, na mistari inakuambia chuma kinataka kurukia wapi. Gundi akisema salama, mdogo wake anaingia. Hakuna karatasi aliyowahi kuijaza chuoni iliyokuwa na uzito huo.

"Sifuri ndiyo inayoua watu," alikuwa amemweleza Cheche siku ya kwanza. "Kibandiko hakijui yaliyopita. Kinajua tu mabadiliko tangu ulipobonyeza. Sasa chukua mizani, panda ukiwa na mtoto mgongoni, halafu bonyeza sifuri mkiwa juu. Mizani itakuapia hapo hakuna mtu."

"Na nikishuka?"

"Itaenda chini ya sifuri. Hapo ndipo utajua ilikuwa inakudanganya."

"Mashine inayodanganya nayo mkaisomea miaka minne," Cheche alikuwa amesema. "Kweli nchi ina kazi."

Waya wa Bubu uliungwa mara ya tatu. Gundi akambeba Bubu mkononi, akamgeuza. Kilikuwa kigae kilichokatwa kwenye ukuta wa bomba lilelile la mvuke, nje ya valvu, upande wa boila, kabla Gundi hajaletwa. Kilikuwa cha vuguvugu, kama kikombe kilichotoka kushikwa na mtu mwingine. Akakirudisha juu ya kitambaa haraka.

Bubu akatulia.

Halafu bomba likaanza.

Ilianza namba moja, kule kwenye boila. Mstari wake ulinyanyuka, ukakaa, ukalala. Ulipolala ukanyanyuka wa namba mbili. Gundi alidhani ni umeme wa karakana unayumba, akaangalia waya wa taa, taa zilikuwa zimetulia, akarudisha macho kwenye skrini na kukuta namba mbili imelala na namba tatu imeamka, na wakati uleule akasikia kwenye ukuta wa meli, upande ambao bomba lilipita, sauti ya kitu kinene kikijivuta ndani ya kitu chembamba, si kugonga, si kukwaruza, ni kama gunia la mchanga lenye mabega, likisogea kidogo, likipumzika, likisogea, na kila liliposogea mstari mmoja ulilala na wa mbele yake ukanyanyuka, nne, kisha tano, na harufu ya pasi ikazidi hadi machozi yakamtoka, na ikafika sita, kwenye shingo ya tawi, palepale Cheche alipochora alama ya chaki ya kukatia, na hapo kile kitu kikasimama. Mstari wa namba sita ulipanda mpaka mia nne, ukakaa. Haukushuka tena.

"Umesikia?" Gundi alinong'ona.

Cheche alikuwa amekaa chini bila kuambiwa. "Maji," alisema. "Ni maji yaliyobaki."

"Maji hayapandi, Cheche."

"Basi panya."

"Panya wa kuvuta chuma cha unene wa kidole?"

Cheche alikuwa anaiangalia alama yake ya chaki.

Msimamizi aliitwa. Huyu mafundi walimbatiza Dedlaini, maana kila kitu kwake kilikuwa kimechelewa, hata asubuhi. Alishuka ngazi akihema, tai imelegea, akatazama skrini, kisha bomba, kisha kwa haraka sana akatazama ngazi aliyoshukia.

"Bosi," Gundi alisema, "bomba halina mvuke, halina maji, vishikizo sijagusa hata kimoja. Namba sita imesimama mia nne. Humu ndani kuna nini?"

"Punguza sauti."

"Nimepunguza. Kuna nini?"

Dedlaini akajifuta shingo. "Meli hii imenunuliwa kwa bei ya kutupa. Ulidhani kwa nini? Mabaharia walikuwa wanashuka bandarini hawarudi. Wakaleta mtu wao, akamwingiza huyo… akamwingiza bombani, wakafunga valvu kule, wakafunga sahani huku. Ndivyo nilivyoambiwa. Mimi sijaona kitu."

"Na ulikuwa unamtuma mdogo wangu akakate."

"Tawi liko njiani mwa bomba jipya. Ulitaka nifanye nini?"

"Useme!"

"Niseme kwa nani? Kwenye ripoti niandike jini? Wewe msomi, nionyeshe, jini anaandikwa kwenye kipengele gani?"

Cheche alijaribu kucheka. "Jini gani anakaa kwenye bomba, bosi? Kodi ya chumba imemshinda kama sisi?"

Mstari wa namba sita ukatikisika kidogo, kama mtu aliyesikia akitajwa.

Cheche akajivuta nyuma, mbali na bomba.

"Tawi halikatwi," Gundi alisema. "Naandika si salama."

"Andika baadaye. Sasa hivi wenye meli wanashuka kukagua, na mimi nataka mistari imelala. Piga sifuri."

"Bosi, nikipiga sifuri na yeye yupo pale, mashine itamhesabu kuwa si kitu."

"Ndicho ninachotaka! Binti yangu, watu wenye digrii wamejaa pale getini. Nikipiga mluzi tu wanapandana."

Hapo, ndugu zangu, ndipo watu wasiowahi kusota bila kazi hupenda kusema wao wangekataa. Wangesimama wima, wangetupa kofia chini, wangeondoka na heshima yao. Heshima haijazi sufuria. Gundi aliifikiria bahasha ya kaki. Alimfikiria mdogo wake, aliyeweka jina lake dhamana ili yeye aingie. Akajiambia ni dakika chache, wakubwa wakishapanda atasema ukweli wote.

Akabonyeza. Mstari wa namba sita ukaporomoka kutoka mia nne, ukalala kwenye sifuri kama mtoto aliyeshiba. Bomba lenyewe halikusogea. Ila ndani ya chuma, polepole sana, kitu kilitoa pumzi ndefu, ile pumzi ya mgeni aliyevua viatu na kuambiwa akae.

Wakubwa wakashuka, wakaona mistari imelala, wakasema vizuri sana, wakapanda. Gundi alipofungua kinywa Dedlaini alikuwa keshatoka kumleta mtu wake.

Mtu huyo alikuwa mganga, lakini kwenye malipo aliandikwa ushauri wa kitaalamu, kwa hiyo mafundi wakamwita Konsaltanti. Alivaa suruali ya kitambaa, viatu vya kung'aa, na kubeba begi la laptop lisilo na laptop. Binti mwenye digrii amelipwa kwa siku, mganga amelipwa kwa mradi. Mwenye macho na aone. Lakini alipokanyaga sakafu ya chumba cha mashine majivuno yakamtoka. Alisimama, akanusa, akavua viatu vyake vya kung'aa bila kuulizwa.

"Yuko macho," alisema taratibu. "Zimeni kila kinacholia."

Wakazima feni. Konsaltanti akaweka kiganja kwenye bomba, akainamisha kichwa, akaanza kusema nalo kwa sauti ya chini isiyosikika vizuri, maneno yakifuatana bila nafasi, mara anabembeleza, mara anaamrisha, mara ananyamaza kana kwamba anasubiri zamu ya mwenzake. Kwenye skrini namba sita iliamka. Ilipanda juu, ikaanguka chini, ikapanda tena, nati za sahani zikaanza kulia kwa ule mlio mwembamba wa meno yanayosagwa, vumbi la kutu likamwagika kutoka kwenye viungo vyote vya bomba kwa pamoja, Cheche akashika mkono wa dada yake kwa nguvu kama zamani walipokuwa watoto umeme ukikatika, na sauti ya Konsaltanti ikapanda juu ya kelele zote, "Toka! Toka kama nilivyokwambia! Toka!", mpaka ghafla kila kitu kikanyamaza, na mstari ukateremka wenyewe, bila haraka, ukalala.

Sifuri.

"Sifuri!" Dedlaini alipiga kelele. "Ametoka! Oneni, sifuri kabisa!"

Mafundi waliokuwa wamejazana ngazini walipiga makofi. Mmoja akapiga mbinja. Dedlaini alimpiga Cheche bega. "Haya kijana, ingia. Tumeshachelewa."

"Injinia?" Cheche alimwangalia dada yake. "Salama?"

Namba ilikuwa safi mbele ya macho yao wote. Kichwa cha Gundi kilikuwa chepesi kwa furaha ya kuponea, kama cha mtu aliyetoka homa. "Salama," alisema. Na Cheche akashusha kofia yake ya kinga, akabeba grinda, akajipenyeza ubavu ubavu nyuma ya bomba mpaka zikaonekana buti zake tu.

Konsaltanti alikuwa bado ameinama pale alipokuwa, jasho linamchuruzika puani. Hakuwa na uso wa mtu aliyeshinda.

"Nani hapa anaitwa Gundi?" aliuliza.

Mafundi wakamwonyesha kwa vidole.

"Mlijuana?"

"Na nani?"

"Kuna neno amesema mwishoni. Nilidhani nimesikia vibaya." Alishusha sauti mpaka ikawa hewa tu. "Anasema, mwambie Gundi asante."

Asante ya nini? Gundi aligeuka kuitazama skrini, kwa kuwa hakuwa na mahali pengine pa kuweka macho. Sifuri. Na ndipo mizani yake mwenyewe ikamwangukia kichwani, ile aliyomweleza Cheche siku ya kwanza, mama na mtoto mgongoni. Alibonyeza sifuri kile kitu kikiwa kimekaa pale. Kama kingekuwa kimetoka, mstari ungekuwa umezama chini ya sifuri, mia nne nzima. Sifuri haikumaanisha hakuna mtu. Sifuri ilimaanisha yuko palepale alipokuwa, kwa uzito uleule, kwenye alama ya chaki, akisubiri afunguliwe.

"Cheche!"

Grinda ikawaka. Mlio wake ulijaa chumba chote, ukamfuta sauti. Cheche alikuwa amevaa kinga ya masikio. Asingesikia hata meli ikizama.

"Cheche, toka! Mtoeni!" Alimvuta fundi wa karibu, fundi akacheka akidhani ni shangwe, Gundi akamsukuma, akaruka juu ya waya, goti likagonga kona ya meza na hakulisikia, cheche za moto zilikuwa zimeshaanza kumwagika nyuma ya bomba na kati ya zile buti mbili, na swichi kuu ilikuwa ukutani mbali kuliko ilivyowahi kuwa, akaikimbilia mikono mbele kama kipofu, akaishika kwa viganja vyote viwili, akaivuta chini.

Giza. Mlio wa grinda ukashuka, ukashuka, ukafa.

Skrini ya laptop peke yake ndiyo iliyobaki na mwanga, kwa betri. Na kila mtu mle ndani aliuona mstari wa namba sita ukiondoka kwenye sifuri kwenda chini. Haukuanguka. Uliteremka kama mtu anayeshuka kitandani asimwamshe mwenzake. Mia moja chini. Mia mbili. Kutoka nyuma ya bomba ikaja pumzi ya moto yenye unyevu, harufu ya pasi na nguo mbichi, ikapita katikati yao, na kila ilipopita mtu alikauka. Ilimfikia Gundi usoni. Ikakaa. Aliisikia ikiingia kwenye nywele zake, taratibu, kama mkono unaotafuta kitu. Kisha ikapita.

Mia nne chini ya sifuri. Kamili.

Taa zilipowashwa, Cheche alikuwa ameshatoka, kofia juu, mzima, hasira zimemjaa. "Nani kanizimia? Nilishaingia upana wa ukucha! Injinia, unataka diski inipasukie?"

Gundi alimkumbatia na grinda yake na uchafu wake wote.

"Mbona sasa imeshuka?" Dedlaini aliuliza, akigonga skrini kwa kidole. "Imeharibika?"

"Hapana, bosi. Sasa ndiyo ametoka."

"Ameenda wapi?"

Wote waligeuka kumtafuta Konsaltanti. Viatu vyake vya kung'aa vilikuwa palepale sakafuni. Yeye mwenyewe hakuwepo.

Tawi likamaliziwa kukatwa kesho yake. Bomba halikuruka. Dedlaini aliandika kwamba kazi imekamilika bila tukio lolote, akamshukuru Gundi kwa ushirikiano, akamwambia tutakupigia.

Ndugu hao walikaa chumba kimoja cha kupanga, wamekigawa kwa pazia. Upande wa mlango kitanda cha Cheche, cha chuma, alichokichomelea mwenyewe kwa vyuma vya chakavu. Upande wa dirisha godoro la Gundi na kimeza chake. Pazia liliishia miguuni mwa kitanda.

Ilikuwa mchana, jua kali la kuchoma bati, majirani wanafua nje na kugombania kamba. Gundi aliingia na vifaa vyake vya kazi, vilivyokuwa vyake na si vya karakana, na Bubu ndani ya kitambaa, maana hakuna aliyetaka kubaki naye. Alipofungua mlango alisimama. Harufu ilikuwa ndani.

"Umepiga pasi?" alimuuliza Cheche.

"Lini umewahi kuniona na pasi?"

Gundi aliusugua ubavu wa kitanda kwa msasa, akaufuta kwa spiriti, akakandamiza kibandiko kimoja upande wa kichwani na kingine upande wa miguuni. Cheche alimwangalia kwa huruma.

"Dada, kazi imeisha. Pumzika."

"Nisaidie tu. Inuka. Toa godoro."

Safari hii hakutaka kudanganywa. Alitoa godoro, mto, shuka. Akainama chini ya kitanda na tochi. Akapitisha mkono juu ya vyuma, mwanzo hadi mwisho, hewani, kama mtu anayefuta meza. Kitupu. Akabonyeza sifuri. Kisha akarudisha godoro na mto, mstari ukapanda kidogo kwa uzito wa godoro, akabonyeza tena, akaapa moyoni kwamba sifuri hii ni halali.

"Lala," alisema, akapita upande wake wa pazia, akakaa kwenye godoro lake, laptop mbele, waya zimepita chini ya pazia, Bubu mapajani.

Cheche alijitupa. Mistari yote miwili ikapanda, wa kichwani zaidi, kama inavyotakiwa mtu akilala. "Nimeongezeka kilo?" aliuliza.

"Umepungua."

"Ni mapishi yako."

Gundi akacheka. Kwa mara ya kwanza tangu siku ile alihisi mabega yake yakishuka. Mtu mmoja, kitanda kimoja, mkazo unaoeleweka. Harufu labda ni ya majirani. Labda ni nguo zake mwenyewe za kazi.

"Joto hili halilaliki," Cheche alisema. Vyuma vikalia, ndala zikaburuzwa sakafuni. "Naenda kuoga. Ukimaliza kukipima kitanda changu kipige na picha."

Mlango ukafunguka, ukafungwa. Sauti yake ikasikika uani akiwatania majirani, wakamjibu, wakacheka wote.

Gundi alitazama skrini kusubiri mistari ishuke.

Haikushuka. Ilikuwa imepanda.

Alikaa bila kusogeza hata kope, akasikiliza maji yakimwagika uani, akamsikia mdogo wake akiimba vibaya wimbo asioujua maneno, mbali, salama, upande wa pili wa ukuta, na mbele yake mstari wa kichwani ukaanza kulala na wa miguuni ukaanza kunyanyuka, taratibu, ukipumzika, ukinyanyuka, kama gunia la mchanga lenye mabega linalojivuta kutoka kwenye mto kuja mwisho wa kitanda, mahali pazia lilipoishia, na chuma kilekile alichokichomelea Cheche kikalia kidogo, na pazia likajaa upande wake bila upepo, na alitaka kuita lakini harufu ilikuwa imeshamjaa kooni.

Kisha mstari wa miguuni nao ukashuka, ukalala. Sifuri kwa sifuri.

Safari hii ilikuwa kweli. Kitanda kilikuwa kitupu.

Na mapajani mwake, ndani ya kitambaa, Bubu akavuta pumzi.